Mlango wa Mkaza Mwana

Richfield, Minnesota
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Leah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuacha tuzeeke. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, nalo nimekwisha kulizoea. Mwanangu Gwakisa anaendelea vizuri na kazi yake ya uhandisi wa mabomba ya maji. Mkewe Ruolan bado anafundisha hesabu chuoni, ingawa tumbo limekuwa kubwa. Nyumba yetu iko karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege inapopita juu ya paa, vikombe hutetemeka kabatini.

Barua yako ya Agosti niliipata. Uliandika kwamba watoto wote wa shule ya Jumapili wamefaulu isipokuwa wawili. Leah, kama wawili hawakufaulu, basi si wote waliofaulu. Nimekusamehe kwa kuwa najua uliandika kwa mwanga wa taa ya mafuta. Barua hii anaibeba Khalfan wa Tanga, ambaye anasafiri keshokutwa, naye ameahidi kuitia posta akifika Dar es Salaam.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ruolan anatarajia kujifungua mwishoni mwa Novemba. Mama yake atakuja kutoka jimbo la Hunan, huko China, kwa ajili ya desturi yao ambayo wanaiita kukaa mwezi. Gwakisa alinieleza tukiwa mezani. Mzazi hatoki chumbani kwa siku thelathini. Haoshi nywele, hagusi maji ya baridi, hasomi, hatazami simu, wala halii, kwa maana wanasema machozi ya mzazi huharibu macho yake. Dirisha halifunguliwi, kwa kuwa upepo ukimwingia katika mwezi huo, hautamtoka mpaka uzeeni. Mgeni haingii.

Ruolan mwenyewe alikuwa amegeukia jiko, akacheka. Alisema kwa Kiingereza, nami nakutafsiria: "Siku hizi kwetu kuna nyumba kama hoteli, Baba. Mwanamke analipa anakaa mwezi huko, wauguzi wanampikia. Bibi yangu aliukaa mwezi wake juu ya majani makavu. Mimi nitaukaa Richfield, nimevaa soksi."

"Na wewe unaamini?" Gwakisa akamwuliza.

"Mama anaamini. Yatosha."

Jibu hilo lilinipendeza. Wachina niliofanya nao kazi ya reli nilipokuwa karani wa ghala kambini Mlimba walikuwa vivyo hivyo. Hawakunywa tone la maji ambalo halikuchemshwa, hata jua liwake namna gani, wala hawakutaka kujadiliana.

Hata hivyo nina hofu. Nyumba hii ina vyumba viwili vya kulala, navyo vinatazamana kwenye ujia mmoja. Unajua desturi yetu Wanyakyusa: baba mkwe na mkaza mwana hawatazamani usoni, wala baba mkwe hakanyagi chumba chake. Ruolan ameiheshimu desturi hii kuliko wasichana wetu wa Tukuyu. Mimi hukohoa kabla ya kutoka, naye hugeukia ukutani. Tumeishi hivyo miezi saba bila kosa. Lakini siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, kampuni itampeleka Gwakisa Duluth, mwendo wa saa tatu kwa gari, akae huko wiki kadhaa. Tutabaki mzazi aliyefungiwa, mama yake asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, na mimi nisiyeruhusiwa kuingia.

Wewe ulikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Nijibu mambo mawili. Kwanza, je, kuna hatari kumfungia mzazi mwezi mzima? Pili, je, umewahi kuona baba mkwe akiingia kwa mkaza mwana kwa sababu ya ugonjwa, na ilikuwaje?

Usimwagize Pamela anijibu kwa simu. Najua masikio yako yameziba na yeye ndiye anayekupokelea simu na kukuandikia yaliyosemwa. Mambo ya chumba cha mzazi si ya kupitia kwa mtu wa tatu.

Kaka yako,
Zadock


Lwangwa, Busokelo
10 Novemba 2024

Kaka Zadock, shikamoo.

Barua yako imefika salama. Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza na mahindi ya Pamela yameota vizuri upande wa mtoni. Huyu binti wa marehemu kaka yetu Lugano ndiye miguu yangu na masikio yangu sasa; ana miaka hamsini na mmoja lakini bado ananiita "Shangazi" kama anaomba sukari. Anakusalimu.

Watoto waliofaulu ni kumi na tisa, na walioanguka ni wawili. Nadhani sasa umeridhika, Mwalimu.

Kuhusu swali lako la kwanza, usimdharau huyo mama wa Hunan. Hata wazee wetu walimweka mzazi ndani na kumpa uji wa moto. Joto si kosa na supu si kosa. Wanawake wengi niliowazalisha walikufa kwa kurudi shambani mapema, wala sijaona aliyekufa kwa kupumzika. Shida ya mlango uliofungwa ni moja tu, nayo ni kwamba aliye nje haoni.

Swali lako la pili nimelisoma. Pamela ameniwekea chakula mezani na kinapoa.

Wasalimie wote. Niandikie mtoto akizaliwa.

Mdogo wako,
Leah


Lwangwa
24 Novemba 2024

Kaka Zadock, shikamoo.

Sisi ni wazima. Naandika kabla hujanijibu, jambo ambalo si kawaida yangu. Tangu nilipotuma barua ile sijapata amani. Leo Pamela amekwenda Mwakaleli kwenye mazishi, hivyo niko peke yangu na ninaweza kuandika.

Uliniuliza kama nimewahi kuona baba mkwe akiingia. Sijaona. Nimeona ambaye hakuingia.

Mwaka 1973 ulikuwa Mlimba kwa Wachina, na Lugano alikuwa kwenye machimbo ya shaba Zambia. Mkewe Sekela alijifungua Pamela pale nyumbani, nyumba iliyopakana na ya Baba. Mama alikuwa amekwenda kuuguza mgonjwa huko kijijini Masoko. Tulikuandikia kwamba Sekela alifariki kwa malaria. Haikuwa malaria.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ukunga, nikaja nyumbani kwa likizo. Nilimkuta Baba amesimama uani, amevaa koti lake la kanisani. Aliniambia, "Hebu ingia ukamtazame huyo. Tangu juzi analia kichwa." Nikamwuliza kwa nini hakumwita mtu. Akasema, "Ningesema nimejuaje?" Kwa maana ili aseme kuwa mkaza mwana wake anaumwa, ilimbidi akiri kwamba alikuwa akimsikiliza ukutani. Alimsikia siku tatu, Kaka. Alikuwa mzee wa kanisa, naye aliilinda heshima yake na ya Sekela kwa siku tatu.

Nilipoingia, uso wa Sekela ulikuwa umevimba, na alikuwa akiniuliza ni nani aliyewasha taa nyingi vile. Ilikuwa mchana. Kisha kifafa kikamshika. Kilimshika mara nne kabla hatujapata watu wa kumbeba. Hatukufika hospitali.

Ugonjwa huo ni kifafa cha mimba. Watu hudhani mtoto akishatoka hatari imekwisha, lakini unaweza kumpata mzazi hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Dalili zake ni hizi: kichwa kinachouma bila kuacha, macho kuona ukungu au taa zisizokuwapo, uso na mikono kuvimba. Akiwa na dalili moja tu kati ya hizo, usingoje ya pili. Si upepo.

Pamela hajui. Anajua mama yake alikufa kwa homa, na anapalilia kaburi la Baba kila Pasaka kwa mikono yake. Ichome barua hii ukishaisoma.

Leah


Richfield
Jumapili, 8 Desemba 2024

Mdogo wangu Leah,

Salamu nyingi, na habari njema kwanza. Jumatano tarehe 27 Novemba Ruolan alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Nimempa jina la Tusajigwe, na mama yake amempa jina la Kichina ambalo bado ulimi wangu unalitafuta. Barua yako ya tarehe 10 imefika. Sasa nimeridhika na hesabu ya watoto, lakini nimeona kwamba swali langu la pili limebaki na chakula chako mezani.

Mama Ruolan ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye umri kama wako, na hakai chini. Ameziba dirisha la chumba cha mzazi kwa utepe wa karatasi. Alfajiri huchemsha supu ya miguu ya nguruwe, mchana samaki kwa tangawizi, na jioni mayai katika sukari nyeusi. Mimi pia huwekewa bakuli langu. Siku moja nilijaribu kumshukuru kwa maneno ya Kichina niliyoyakumbuka kutoka kambini. Aliziba mdomo akacheka mpaka akaegemea friji. Gwakisa aliniambia baadaye kwamba nilimwambia, "Pakia haraka." Tangu hapo ananisalimu kwa maneno hayohayo. Ameniandalia pia dawa ya goti, nayo inanuka kama lami lakini inasaidia.

Gwakisa aliondoka Jumatatu kwenda Duluth, na atarudi tarehe 20. Theluji imeanguka kwa wingi.

Tangu Ijumaa Ruolan anaumwa kichwa. Namsikia kupitia ukutani. Nilipomwelekeza mama yake mlango kwa kidevu, alinionyesha kwa mikono: kitu fulani kimeingia hapa, kisogoni, kikapanda juu. Kisha akanionyesha simu ya Ruolan, ambayo ameificha katika pipa la mchele, na akagusa macho yake. Nilielewa kwamba Ruolan amekuwa akisoma kwa siri na sasa haoni vizuri. Mama huyu ametunza wazazi wengi katika ukoo wake, nami naona anajua alifanyalo. Ipo sababu nyingine inayonifanya niamini kuwa ni baridi iliyomwingia, lakini si ya barua hii.

Jana Gwakisa alipiga simu, akauliza kama sote tu wazima. Nikasema sote tu wazima. Baba hawezi kumpa mwanawe habari za kichwa cha mkewe. Ningesema nimejuaje?

Leo asubuhi Ruolan aliniita. Mama yake alikuwa chini ya jengo, kwenye mashine za kufulia. Alisema "Baba" mara mbili, kwa sauti ndogo. Nilikuwa ujiani, hatua tatu kutoka mlangoni pake. Nilikohoa, ili ajue kwamba nimesikia. Nilisubiri kidogo. Hakusema neno jingine, nikaenda kanisani, kule mji wa Hopkins.

Nakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia. Nijibu mapema, na mara hii ujibu yote.

Kaka yako,
Zadock


Hospitalini, Minneapolis
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Leah,

Utanisamehe kwa kutokuanza na salamu.

Barua yako ya tarehe 24 Novemba ilifika juzi, Jumatano, saa nane mchana. Niliisoma nimesimama penye masanduku ya barua, chini ya ngazi. Nilipofika mahali Baba aliposema "Ningesema nimejuaje?" nilikaa chini. Maneno hayo nilikuwa nimekuandikia mimi siku tatu kabla, na barua ilikuwa njiani kuja kwako.

Kerubo alinikuta hapo. Ni Mkenya wa Kisii, muuguzi, anakaa ghorofa ya juu yetu. Alikuwa anatoka kazini.

"Mzee, unafanya nini hapo kwa ngazi? Ukiganda, mimi sina maikrowevu ya kukutosha."

Nikamwuliza, "Binti, mzazi wa wiki mbili akiumwa kichwa siku tano, ni upepo?"

Aliacha kucheka. "Nani? Ruolan? Siku tano? Na mlikuwa mnangoja nini?" Kisha akauliza, "Amevimba uso?"

"Sijamwona."

"Mzee. Mnaishi nyumba moja."

"Ni mkaza mwana wangu."

Alinitazama kidogo. "Hiyo naijua. Hata kwetu Kisii baba mkwe hasogei. Lakini leo utasogea. Tangulia, nachukua kipimo cha presha."

Nilipanda ngazi sijui kwa goti lipi. Mama Ruolan alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, kana kwamba alinisikia nikija. Nilimwonyesha kichwa na macho, nikamwonyesha barua yako, jambo la kipumbavu. Akatikisa kichwa. Kerubo akaja nyuma yangu, koti lake lina theluji mabegani, na mama yule alipoiona theluji alinyoosha mikono yote miwili akashika miimo ya mlango. Hakuwa mkali, Leah. Aliogopa baridi ile kama mimi nilivyoogopa mlango ule, na sote wawili tuliogopa kwa ajili ya mtu mmoja.

Nikainama, nikapita chini ya mkono wake.

Chumba kilikuwa na giza na joto la tanuri, na harufu ya tangawizi. Ruolan alilala chali amevaa kofia ya sufu. Nilimtazama usoni, nisijue kama uso umevimba au haukuvimba, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuutazama. Miezi tisa katika nyumba moja. Ilinibidi nigeukie picha ya harusi iliyo ukutani, niitazame, kisha nimtazame tena yeye. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa mtu yule wa pichani.

Alisema, "Baba, mwambie azime zile taa."

Hakukuwa na taa iliyowashwa.

Kerubo alimfunga kipimo mkononi, akakitazama, akakifungua na kumfunga mkono wa pili. "Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi na nane," akasema, na tayari alikuwa anapiga simu. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Wale vijana waliingia na buti zenye maji, mlango wa nje ukabaki wazi, upepo ukajaa nyumba nzima. Mama Ruolan alimfunika binti yake mablanketi matatu, akawa anayashikilia hadi garini. Sisi tulifuata katika gari la Kerubo, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake. Tulipofika tuliambiwa kwamba kifafa kilimshika mlangoni pa hospitali, na tena ndani.

Sasa nikuambie kile ambacho hakikuwa cha barua iliyopita. Alhamisi tarehe 5, mama yake alipokwenda kununua samaki, Ruolan aliomba maji. Nilimwekea glasi sakafuni nje ya mlango, nikaondoka ili aichukue. Yalikuwa maji ya bomba, ya baridi. Mama yake aliikuta glasi, akanitazama. Kesho yake kichwa kikaanza. Kwa siku tano niliamini kwamba ninamuua kwa glasi ya maji, na aliyeamini hivyo hawezi kwenda kuuliza watu. Nilimweleza Kerubo garini. Alisema, "Kama ni maji ya baridi, Mzee, Minnesota hii yote ingekuwa kaburini."

Jioni daktari aliuliza kichwa kilianza lini. Mkalimani alikuwa kwenye simu. Mama Ruolan alijibu kwa sauti ya chini, na mkalimani akasema, siku mbili. Alinitazama. Alijua kwamba najua. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, Gwakisa hatapata kamwe kujua mimi nilikuwa wapi siku tatu nyingine.

Nikasema, "Siku tano."

Gwakisa, ambaye Kerubo alimpigia simu, alikuwa ameingia wakati huo, kutoka Duluth, barafu ikiwa bado kwenye nyusi zake. Alisikia.

Ruolan hajaamka sawasawa. Wanampa dawa kwa mshipa, na muuguzi huja kila saa kumgonga magoti na kumwita jina. Wakati mwingine huitika. Naipeleka barua hii sasa, kabla sijajua, kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine. Barua yako sikuichoma. Gwakisa aliniomba nimwonyeshe kilichonifanya nipande ngazi, nikampa.

Zadock


Lwangwa
29 Desemba 2024

Kaka,

Nimepokea barua yako ya tarehe 8 tu. Nyingine hakuna.

Ingia. Kama bado yu hai, weka barua hii chini sasa hivi na uingie. Najua kwamba utakapoisoma, siku hizo zitakuwa zimekuwa wiki nyingi, na ninachokuamuru kitakuwa kimekwisha kutokea au kimekwisha kushindikana. Naandika hata hivyo.

Juzi nilipoisoma, nilimwita Pamela nimwambie apige simu kwa Gwakisa. Akaniuliza kwa karatasi, kama tunavyofanya, niseme kuna nini. Nilitaka kusema uongo, na sikuupata. Nikaandika: mkaza mwana wa Zadock ana ugonjwa uliomuua mama yako. Akaandika: malaria? Nikaandika: hapana.

Alisoma yote. Nilijaza karatasi mbili. Kisha akaandika swali moja: Babu alisikia siku ngapi?

Nikamwonyesha vidole.

Alipiga simu mara nne mbele yangu. Nilimtazama mdomo, haukufunguka. Hapakuwa na aliyepokea. Akaweka simu mezani, akavaa viatu vya shambani, akatoka. Alirudi jioni, akapika, na mpaka sasa hajanitazama. Leo ni siku ya pili. Sikujua kwamba nyumba ya kiziwi inaweza kuwa na kimya zaidi.

Kaka, mtoto ananyonya nani?

Leah


Richfield
Jumapili, 5 Januari 2025

Mdogo wangu Leah,

Nakusalimu, nawe umsalimu Pamela, akikubali kusalimiwa nami. Najua umekwisha kupata habari kubwa, kwa kuwa Gwakisa aliziona zile simu nne akampigia Pamela mwaka mpya. Ruolan yu hai. Nilinyoosha mkono ili nizungumze na Pamela, Gwakisa akasema, "Hataki, Baba." Nakuandikia yale ambayo simu haikusema.

Ruolan alirudi nyumbani tarehe 17 Desemba. Kifafa hakijarudi. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni. Mtoto amenenepa, alinyweshwa maziwa ya kopo wiki ile, sasa amerudi kifuani. Lakini jicho la kushoto la Ruolan linaona ukungu. Daktari alisema huenda likapona kwa miezi, huenda lisipone. Ruolan alimwuliza kama angekuja siku ya kwanza ingekuwaje. Daktari alisema kwamba hilo hawezi kulijua. Nilikuwapo, na Gwakisa alikuwapo. Mama Ruolan alisubiri mkalimani amalize, kisha akatoka nje.

Gwakisa hunisalimu asubuhi, huniuliza kama nimekula, basi. Hajanikemea. Usiku mmoja tu alisema, akiwa anaosha vyombo, "Siku tano, Baba," kama mtu anayesoma namba kwenye mita.

Mama Ruolan ameanza kuhesabu mwezi upya. Kwake zile siku za hospitali, zenye milango iliyo wazi na maji yenye barafu, ziliharibu zote zilizotangulia. Nilidhani Ruolan atakataa. Hakukataa, alitoa sharti moja tu: dirisha lizibwe, supu ije, lakini mlango ukae wazi mchana na usiku. Mama yake alilia alipoambiwa, kisha akaleta kiti cha jikoni, akakiweka ujiani kando ya mlango ule, akakipiga kwa kiganja, akanitazama mimi.

Ndipo ninapokaa. Nakaa nimeupa mlango mgongo, maana desturi yangu sijaitupa yote. Kila baada ya saa moja nauliza, "Kichwa?" naye anajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe, "Hakiumi, Baba." Nauliza, "Macho?" Anajibu, "Yaleyale." Mama yake huniletea chai, kisha husimama kusikiliza majibu hayo ingawa haelewi neno hata moja.

Kerubo huja kumpima jioni. Anasema hatari hii hukaa mpaka wiki sita zitimie, yaani Jumatano hii tarehe 8. Zimebaki siku tatu. Silali vizuri, na nikilala naota niko Mlimba na mtu anagonga reli kwa nyundo.

Leo, kabla Gwakisa na mama mkwe wake hawajarudi kutoka dukani, nikauliza, "Kichwa?" Hakujibu. Nikauliza tena kwa sauti. Ndege ilikuwa inapita, nikasubiri ipite, nikauliza mara ya tatu.

Niligeuza kiti, Leah.

Alikuwa amelala kiubavu, mdomo wazi kidogo, mtoto amelala kifuani pake. Sikumwamsha. Nilisimama pale mlangoni nikahesabu pumzi zake hadi mia moja, kisha nikahesabu za mtoto, kisha nikaogopa kwamba nimekosea, nikaanza tena.

Kaka yako,
Zadock